Simu Kiunoni mwa Mke Mwenzangu

Mtama huu mwekundu alinipa mama mkwe mwaka ule nilioolewa hapa kutoka Homa Bay, nikiwa msichana wa miguu myembamba asiyejua lolote isipokuwa samaki. Alinipa kibuyu kimejaa mpaka shingoni, akasema, "Hii ni mbegu. Hii hailiwi hata watoto wakilia." Hakueleza zaidi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzito. Tangu siku ile nimepanda kila msimu, nimevuna, nimechagua masuke mazuri kuliko yote, nimeyatundika juu ya mafiga yapigwe moshi wadudu wasiyaguse, kisha nimejaza kibuyu tena. Majirani wengi huku Suna siku hizi wanapanda mtama mweupe wa pakiti. Sina ugomvi na pakiti. Lakini ugali wa mtama ule haushikani mkononi, na uji wake ni maji yaliyopita karibu na unga.

Msimu mmoja jua lilichoma vibaya. Tulivuna kidogo, tukala kidogo, na wakati wa kupanda ulipofika nilimwaga kibuyu chote, nikakigonga matako, nikachokoa kwa kijiti hata zile punje zilizokwama shingoni. Zote zikaingia ardhini. Nilikuwa nimezunguka kwa jirani huyu na yule nikiuliza kama kuna aliyebaki na mbegu hii, wote wakatikisa kichwa. Kwa hiyo mbegu yote ya mama mkwe, na ya waliompa yeye, ilikuwa imesimama katika shamba langu moja, na mlinzi wake nilikuwa mimi.

Hilo lijulikane kwanza. Sasa nieleze habari ya simu.

Mtama ukianza kujaa maziwa, ndege huja. Wale wadogo wenye midomo myekundu hawaji mmoja mmoja kama wageni wenye adabu, wanakuja kama wingu lililotupwa. Kwa hiyo unajenga dungu, yaani jukwaa la miti lenye kimo cha kupita kichwa cha mtu, unakaa juu yake tangu kunapopambazuka mpaka jua liwe kali, halafu tena kuanzia saa tisa hadi giza lianze kuingia. Katikati, jua likiwa utosini, ndege wenyewe wanajificha vichakani, na wewe pia unaweza kulala. Kazi ni kupiga kelele, kuvuta kamba iliyofungwa makopo, na kurusha vidonge vya udongo kwa kombeo. Zamani ilikuwa kazi ya watoto. Siku hizi watoto wako shuleni, na ni vizuri, mimi mwenyewe ndiye niliyewafukuza waende. Vijana nao wako Masara wanachimba dhahabu, wanarudi na vumbi ndani ya masikio. Shambani tumebaki kina nyanya.

Simu aliniletea binti yangu wa mwisho. Anafanya kazi katika ofisi moja Homa Bay, na huko huko alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mimi ni nyanya na majivuno yangu siyafichi. Wajukuu wangu ni wazuri, wana meno imara, na darasani hawasukumwi. Ni wangapi sitasema. Kwetu watoto hawahesabiwi. Nilipokuwa mdogo, ukimnyoshea mtoto kidole ukisema moja, mbili, tatu, mama alikupiga kidole hicho hicho. Vifaranga pia. Mama alijua ng'ombe amepotea kwa kumkosa, si kwa hesabu. Nami nimeishi hivyo, na sijawahi kupoteza ng'ombe.

Kabla ya hapo nilikuwa na mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi. Ilikuwa inalia, unaongea, inanyamaza. Binti akasema, "Mama, mtoto anakua na wewe unamjua kwa kelele tu." Akaniletea hii ya kioo. Siku ya kwanza nilimwona mjukuu wangu amekaa Homa Bay, mimi nikiwa jikoni kwangu, akinionyesha jino moja la chini. Nililia. Mimi si mtu wa kulia, hata mume wangu alipofariki watu walinong'ona kwamba macho yangu ni makavu.

Tatizo ni kwamba mtoto alilala, simu haikulala. Nilisogeza kidole juu, akatoka mwanamume anavuta lori kwa meno. Nikasogeza tena, akatoka mwanamke anakatakata kitunguu kwa hasira kama vile kimemtukana mama yake. Nikasogeza, akatoka mhubiri anakemea, halafu paka aliyevalishwa koti, halafu mazishi ya watu nisiowajua, nao nikawalilia. Kila moja ilikuwa fupi, na hapo ndipo shida ilipo. Kitu kirefu kinakuchosha unakiacha. Kitu kifupi unasema hiki kimoja tu.

Sikujua kwamba ninatumia muda. Nilijua tu nimekaa.

Nikaipandisha simu kwenye dungu. Nilijiambia ni kwa sababu ya mtoto, binti akipiga nisimkose. Lakini binti hupiga jioni akitoka kazini, na mimi nilikuwa ninaipandisha alfajiri.

Ng'ambo ya njia, mkabala na shamba langu, kuna shamba la mke mwenzangu. Marehemu alituacha wawili. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza, yeye ni wa pili. Hapa kwetu mwanamke huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo mimi ni Nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay, na yeye ni Nyar Masara. Amekulia kule wanakoosha mchanga siku nzima kutafuta chembe ya kung'aa, na jicho lake ni la kule, halikosi kitu. Yeye hupanda mtama mweupe. Mama mkwe alitoa mbegu nyekundu kwa nyumba yangu peke yake, na jambo hilo Nyar Masara hajawahi kulisema wala kulisahau.

Dungu lake linatazamana na langu. Asubuhi moja akaniita.

"Nyar Homa Bay. Unafukuza ndege ama unawasomea gazeti?"

"Fukuza wako, Nyar Masara. Wangu wananijua."

"Naona wanakujua. Leo wamekuja na watoto."

Nilivuta kamba mara moja, makopo yakalia, nikarudi kwenye kioo changu. Kuna mtu alikuwa anamfundisha kuku kugonga mlango.

Wiki ya pili nilishuka upande wa chini wa shamba, kule karibu na kijito, kuchuma mboga. Nikasimama. Masuke yalikuwa yamenyolewa. Yalisimama maganda matupu, kama vichwa vya wajane siku ya kunyolewa. Nikaingia ndani ya safu nikiyagusa moja moja. Suke lenye punje ukilishika linakuinamia, lina uzito wa mkono wa mtoto. Haya hayakuwa na uzito wowote. Safu baada ya safu. Nilitembea mpaka nikaufikia mtama mzima, nikageuka nyuma kutazama, na nikaona karibu theluthi ya shamba imekwenda. Nilikaa chini pale kwenye udongo na mboga zangu mapajani. Niliwaza kibuyu kitupu ukutani, na sauti ya mama mkwe.

Halafu nikafanya kile ambacho mtu hufanya akiwa amekosea: nilitafuta wa kumlaumu. Nikavuka njia.

"Umenisukumia ndege," nilimwambia Nyar Masara, yeye akiwa juu na mimi chini.

"Ndege si mkokoteni, hawasukumwi."

"Unarusha udongo huku, wao wanaangukia kwangu."

"Narusha, ndiyo. Kazi ya dungu ni kurusha. Wewe umekuwa ukirusha nini? Kidole?"

"Chunga mdomo."

"Mimi nachunga mtama. Uliza hicho kioo chako ndege walikuwa wapi."

Hapo nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema. Nilimwambia mama mkwe aliona mkono wake ulivyo, ndiyo maana akakifunga kibuyu. Alinigeuzia mgongo, akaokota kidonge cha udongo, akakiweka kwenye kombeo, akarusha. Siku zilizofuata tuliteka maji kwenye tangi moja bila kusalimiana, na mabati ya nyumba zetu yanakaribia kugusana.

Jumamosi binti akaja na mtoto. Nilimlaki kwa habari ya Nyar Masara na uovu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamvua mtoto soksi, kisha akasema, "Mama, nipe simu niangalie kitu. Bando ninayokutumia ya wiki nzima, Jumanne imekwisha, ikabidi nitume nyingine. Nilidhani ni simu mbovu."

Akafungua lile gurudumu lenye meno, akashuka chini, akabonyeza, likatokea duara lenye rangi, na katikati yake namba.

"Hii ni nini?"

"Inahesabu muda unaokaa ukiitazama. Hii ni ya jana. Masaa matano na dakika arobaini."

Nilisikia kama amenivua leso mbele za watu. Mimi, ambaye sihesabu hata vifaranga vyangu, kitu cha kioo kilikuwa kimekaa kifuani mwangu kinanihesabu.

"Inaongopa," nilisema.

"Mama, simu haina mama mkwe, haina mke mwenza. Imwongopee nani na kwa nini?"

"Siwezi kukaa masaa matano. Ningekufa njaa."

"Ngoja." Akabonyeza tena, vikatokea vijiti, virefu na vifupi, vimesimama kama mimea shambani. "Hivi vinaonyesha ni saa ngapi. Hapa walipoandika sita ndiyo saa kumi na mbili yetu ya asubuhi. Ona kijiti chake."

Kijiti kilikuwa kirefu. Cha saa moja kilikuwa kirefu zaidi. Vile vya katikati ya mchana, ninapolala, vilikuwa vifupi au havikuwepo kabisa. Kuanzia saa tisa vikainuka tena. Sikuhitaji mtu wa kunisomea. Vile virefu vilikuwa saa za ndege. Kila nilipotakiwa kutazama mtama, nilikuwa ninatazama watu wanaovuta malori. Simu ilikuwa imechora shamba langu, pamoja na upande wa chini uliokwisha.

Mtoto alikuwa ameketi sakafuni anaila soksi yake.

"Nikurudishie ile ya zamani?" binti aliuliza, kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angenikemea.

"Hapana."

"Sio aibu, Mama."

"Nimesema hapana. Shamba ni langu, simu ni yangu, na macho ni yangu. Nitavipanga. Nionyeshe dawa."

Akanionyesha. Zile picha ndogo ambazo watoto huita apu, kila moja unaweza kuipimia muda. Ile ya video fupi akaipimia nusu saa kwa siku. Nusu saa ikiisha, picha yake inageuka kijivu kama jivu la jana, ukiibonyeza inakuambia umemaliza. Akanifundisha pia njia ya kwenda kwenye duara, nikairudia mara tatu mbele yake mpaka akaridhika. Jumapili wakapanda gari kurudi Homa Bay.

Jumatatu saa moja ya asubuhi picha ikageuka kijivu. Nilikaa kidogo. Kisha nikakumbuka pale binti alipobonyeza kuweka kipimo, nikabonyeza hapo hapo kukiondoa. Picha ikarudi na rangi zake, na mimi nikarudi kwa mtu wa kuku. Niliishia darasa la tatu, lakini kwa wizi huo nilikuwa na digrii.

Niliposhtuka, ndege walikuwa katikati ya shamba.

Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Waliondoka, lakini waliondoka polepole, kama watu wanaotoka kanisani. Nikashuka nikaangalia. Walikuwa wameonja safu mbili za katikati, na zile za katikati ndizo nilizokuwa nimezitia alama kwa ajili ya mbegu. Punje zilikuwa bado laini. Nilijua kuna siku kumi hivi mpaka zikauke na kuwa ngumu, na siku kumi kwa mtu kama nilivyokuwa zilikuwa nyingi mno.

Nikawaza nitaiweka wapi simu. Nikiiacha nyumbani, nitateremka kuifuata, na njia ya kwenda nyumbani na kurudi ni karamu ya ndege. Nikimpa mke wa mwanangu aishike, nitamwambia lete naye ataleta, kwa kuwa mimi ni mama mkwe wake na mdomo wangu anaujua. Nikiificha, mwenye kuificha ndiye mwenye kuitafuta. Nilitaka mikono ambayo siwezi kuiamrisha. Nilitafuta mikono hiyo kichwani, boma zima, na nilipoipata nilitema mate chini. Lakini sikupata mingine.

Nikavuka njia. Nyar Masara aliniona kutoka juu, akashika kombeo lake vizuri.

"Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukupa kazi. Teremka."

Akateremka, taratibu, bila kunipa mgongo. Nilimnyoshea simu.

"Shika hii. Ifunge kiunoni. Nikija kuiomba kabla jua halijafika utosini, ninyime. Jioni pia ninyime, mpaka ndege waondoke."

Aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Nikikunyima utanitukana."

"Nitakutukana. Ninyime tu."

"Na mimi nikitukana?"

"Tukana."

"Una wake za wana wako. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wao ningewaamrisha. Kwako itabidi niombe."

Nyar Masara alicheka. Hakucheka sana, pua tu ilipanuka, lakini nilimwona. Akaifunga simu ndani ya pindo la leso, akalikaza kiunoni mafundo mawili, akapanda dungu lake. Neno la mbegu nililomtupia hatukuligusa. Lilikuwa limekaa pale kati yetu, kila mmoja akiliona.

Siku ya kwanza kidole gumba changu kilikuwa kinasogea chenyewe juu ya paja. Naapa nilikitazama kikisogea. Niliteremka mara tatu. Mara ya kwanza nilisema huenda binti amepiga. "Hajapiga," alisema Nyar Masara, bila kuangalia chini. Mara ya pili nilisema ninataka kujua saa. "Tazama jua." Mara ya tatu sikuwa na sababu, nilisimama tu pale chini, naye akapaza sauti njia nzima isikie: "Nyar Homa Bay ameshikwa tena." Mzee mmoja aliyekuwa anapitisha ng'ombe alicheka mpaka akapitwa na ng'ombe wake. Nilirudi juu uso ukiwaka. Siku ya pili niliteremka mara moja. Siku ya tatu sikuteremka.

Na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama, nikaanza kuwatazama ndege. Nilikuwa nimesahau kwamba wana mipango. Kwanza wanatuma watatu, wanne, wanatua kwenye matete ya kijito na kutulia. Kama hakuna kelele, wanatuma wengine. Wingu lenyewe linakuja mwisho. Basi nikahamisha kamba ya makopo, nikaipeleka upande wa matete, na nikawa nawafukuza wale watatu wa kwanza. Wingu likikosa habari, linapita. Mama mkwe alinifundisha hayo nikiwa bado na ujauzito wa kwanza, nami nilikuwa nimeyaacha yaoze kichwani. Sauti iliniisha siku ya nne, nikatumia sufuria na mwiko.

Siku ya sita niliona kitu kigeni. Ndege walipaa kutoka kwangu, wakavuka njia, na hawakurudi. Nilisubiri kelele za Nyar Masara. Hazikuja. Makopo yake hayakulia. Na mimi, nasema kweli, nilifurahi. Nilikaa juu ya dungu langu asubuhi nzima nimekunja mikono kama bibi arusi.

Jua lilipofika utosini nilikwenda kuchukua simu. Alinipa haraka, akasema ana kazi jikoni. Simu ilikuwa ya moto. Nikaenda kwenye duara, kama nilivyokuwa nikifanya kila siku kwa majivuno, maana wiki ile duara lilikuwa linasema dakika ishirini, dakika ishirini na tano. Leo lilisema masaa mawili na dakika kumi. Nilikuwa sijaigusa tangu jana.

Nikaelewa. Nilikaa chini ya dungu na siri ile.

Mtu asiseme sikuwaza ubaya. Niliwaza. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikinyamaza, ndege watakula kwake, mtama wangu utakauka salama, kibuyu kitajaa, na hakuna atakayenilaumu, kwa sababu kila mtu atasema ndege ni ndege. Tena si alikuwa amenitangaza kwa mchunga ng'ombe? Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa kumenya muhogo mmoja. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi ile ya kwanza kabisa, ya gazeti, Nyar Masara alikuwa ameona ndege wangu kabla yangu na akaniambia. Aliniambia kwa kejeli, lakini aliniambia. Nami sikuwa nimemtuma.

Saa nane, kabla ndege hawajaamka, nilikwenda jikoni kwake.

"Nyar Masara, simu imekusema."

"Imesema nini?"

Nikamwonyesha duara na vile vijiti. Aliinama akatazama kwa lile jicho lake la mchanga.

"Inahesabu mtu?"

"Inahesabu."

"Hata asiye mwenyewe?"

"Haimjui mwenyewe. Inajua macho tu."

Alipangusa mikono kwa leso, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilitaka kumwona mtoto," alisema. "Ilitetemeka kiunoni nikadhani ni binti yetu. Sikumpata. Nikasogeza kidole kidogo, akatoka mmoja, anavuta lori."

"Kwa meno?"

"Kwa meno."

Tulicheka mpaka akashika ukuta. Halafu tukaenda shambani kwake, hatukucheka tena. Safu tano za pembeni zilikuwa zimenyolewa. Aligusa masuke kama nilivyoyagusa mimi, moja moja. Nilikata kamba yangu ya makopo, nusu nikaifunga kwake.

Simu haikurudi kiunoni mwa mtu. Nilichomeka kigingi katikati ya njia, kati ya shamba langu na lake, nikakitundikia kopo kubwa la mafuta ya kupikia lenye mfuniko, na simu ikaingia humo. Mimi nikiwa juu naliona kopo. Yeye akiwa juu analiona. Anayeliendea lazima aonekane na mwenzake. Jua likifika utosini tunateremka wote wawili, tunakaa kwenye kivuli cha dungu langu, tunafungua kopo, na nusu saa yetu inaanza. Kile kipimo cha binti nilikirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Picha ikigeuka kijivu, mmoja wetu anasema, "Imekufa," tunafunga kopo, tunajilaza. Kukiondoa kipimo peke yangu niliweza. Kukiondoa mbele ya Nyar Masara, sijaweza mpaka leo.

Siku nne zikapita. Niling'ata punje, ikalia kati ya meno. Mikayi ndiye anayeanza kuvuna, kwa hiyo niliingia na kisu changu asubuhi, peke yangu, nikakata masuke mekundu ya katikati na ya juu. Hayakuwa mengi kama ya mwaka wa neema. Yalikuwa mazito. Nilichagua mazuri, nikayatundika kwenye moshi, na yalipokauka sawasawa nikayapukuchua kwa viganja, nikamimina. Kibuyu kilijaa mpaka shingoni.

Nilikitazama. Kisha nikatoa kibuyu kingine ukutani, kidogo kidogo nikamimina nusu humo, nikavuka ua mchana kweupe, watoto na wake wa wanangu wakiona.

Nyar Masara hakukipokea mara moja.

"Mama alisema isitoke katika nyumba yako."

"Mama hakujua nitapata simu."

Alikichukua, akakitikisa karibu na sikio, akasikiliza.

"Na lile neno nililokuambia," nilisema, "kuhusu mkono wako."

"Nimelisikia. Nenda zako."

"Hii hailiwi, hata watoto—"

"Hata watoto wakilia. Nimekusikia ukiwaambia watu miaka yote, Nyar Homa Bay. Unadhani mimi ni kiziwi?"

Jioni ile binti alipiga. Nilimwonyesha mjukuu wangu kibuyu mbele ya kioo, akanyosha mkono kukishika kule Homa Bay, akakasirika alipokikosa. Ana meno manne sasa. Hayo nimeyahesabu, meno si watoto.

Ninaandika haya mtama mwingine ukiwa umeanza kujaa maziwa, mwekundu huku kwangu na mwekundu ng'ambo ya njia. Wale watatu wa kwanza nimewaona jana kwenye matete. Kopo liko kwenye kigingi. Duara la jana lilisema dakika thelathini na nne, na zile nne ni zangu, nilimwambia Nyar Masara ninatafuta namba ya mtu. Leo nitazirudisha.